Jua na Rangi ya Motokari

Simama siku moja kando ya barabara itokayo Lubumbashi kwenda Likasi, uzitazame motokari zinazopita. Usitazame milango, tazama paa. Utaona nyekundu iliyogeuka kuwa ya waridi, buluu iliyoingiwa na ukungu kama maji yaliyotiwa maziwa, na nyeusi yenye mabaka meupe yanayobanduka mfano wa nyoka anayejivua gamba. Kisha itapita nyeupe kuukuu, bampa yake imefungwa kwa waya, taa moja imekufa, lakini rangi yake bado ni ileile. Watu husema: «Jua limeila.» Ni kweli. Lakini jua halili rangi zote kwa namna moja, wala haliili sikuzote mahali tunapodhani. Mimi nilianza kuulizia habari hizi kwa sababu ya hasara iliyoingia nyumbani mwetu, na afadhali niieleze kwanza.

Mwaka juzi, kiangazi kilipokaribia kwisha, shemeji yangu alitafuta motokari ya kufanyia kazi ya teksi. Fedha zilikuwa za likelemba ya miaka 3: zake mwenyewe, za dada yangu auzaye unga sokoni, na kidogo zangu mimi mwalimu. Akapata motokari ya Kijapani, mojawapo ya zile zinazoshushwa bandarini Dar es Salaam na kutufikia kwa njia ya Zambia na Kasumbalesa. Umri wake ulikuwa umepita miaka 20. Rangi yake iling'aa kama pilipili iliyoiva, na muuzaji aliomba nyongeza kwa ajili ya uzuri huo. «Baba,» akasema, «hii haijapata kupakwa tena. Ni rangi ya kiwandani.» Shemeji akalipa, nasi sote tukafurahi, watoto wakapanda na kushuka mpaka giza likaingia.

Mvua ya kwanza ilinyesha, kisha ya pili. Katika juma la tatu paa lilikuwa la waridi, na kifuniko cha mashine vilevile. Mtu aliyeiegemea aliondoka na unga mwekundu mgongoni. Abiria mmoja alidai sabuni ya kufulia shati lake, na haki ilikuwa upande wake.

Nikampeleka shemeji kwa fundi mmoja wa rangi, mzee aliyejifunza kazi hiyo ujanani huko Kolwezi. Yeye hakusema neno. Alichota maji kwa kopo, akayamwaga juu ya paa. Palipolowa, wekundu ulirudi kama siku ile ya kununua. Tukangoja. Jua likakausha maji, na waridi ikarudi polepole, kutoka pembeni kuelekea katikati.

«Mwalimu,» akaniambia, «umeona jiwe la mtoni? Likiwa majini ni zuri, ukilitoa likakauka ni jiwe tu. Huyu bwana aliyewauzia alipangusa mafuta. Mafuta yamefanya kazi ya maji, basi. Mvua imeyaondoa.»

Muuzaji, basi, hakusema uwongo aliposema kwamba rangi ilikuwa ya kiwandani. Ilikuwa ya kiwandani kweli, na ndiyo maana ilikuwa imechoka.

Ili tuelewe, yafaa tujue rangi ya motokari ni kitu gani. Si maji ya rangi yaliyokauka. Ni vitu viwili vilivyochanganywa. Cha kwanza ni unga laini mno, wenye rangi yenyewe. Cha pili ni utomvu unaoushika unga huo na kuugandisha juu ya bati. Unga bila utomvu ungepeperushwa na upepo. Utomvu bila unga ungekuwa kama kioo. Katika motokari nyingi za zamani vitu hivi vyote viwili vilikaa pamoja katika tabaka moja la juu, likilitazama jua uso kwa uso. Siku hizi desturi ni nyingine. Juu ya bati kuna tabaka jembamba linalozuia kutu, ambalo kiwandani hushikishwa kwa nguvu ya umeme wakati bodi nzima imezamishwa ndani ya birika kubwa. Juu yake kuna rangi ya kusawazisha, kisha rangi yenyewe tunayoiona, na juu ya yote vanishi angavu isiyo na rangi yoyote. Matabaka haya yote yakijumlishwa hayapiti sana unene wa karatasi moja ya daftari. Vanishi peke yake ni kama nusu ya karatasi hiyo, au pungufu. Hilo ndilo koti lote tulilonalo juu ya bati.

Sasa jua. Mwanga tunaouona kwa macho ni sehemu tu ya mwanga wake. Ng'ambo ya rangi ya urujuani katika upinde wa mvua iko miali isiyoonekana, iitwayo miali ya urujuanimno. Hiyo ndiyo inayobabua ngozi ya Mzungu mgeni, na ndiyo inayoukausha mpira mpaka ukapasuka. Utomvu wa rangi umefumwa kwa minyororo mirefu ya chembe ndogo, mfano wa mkeka uliofumwa kwa ukindu. Miali hii hukata ukindu mmoja mmoja. Oksijeni ya hewa huingia penye mkato na kuupanua, joto huharakisha kazi, na maji ya umande na mvua huchukua vipande vilivyokatika. Mkeka ukifumuka hivyo, unga wa rangi hubaki juu bila kushikwa na kitu. Huo ndio unga uliochafua shati la yule abiria. Uso uliokuwa laini kama kioo umekuwa na mashimo madogo yasiyohesabika, yanayotawanya mwanga huku na huku. Kwa hiyo jicho huona weupe juu ya wekundu. Maji au mafuta yakijaza mashimo hayo, uso huwa laini tena kwa muda.

Nasi wa Katanga tunapata sehemu yetu kamili ya miali hiyo, na ziada juu yake. Katika Lubumbashi jua hupita wima juu ya vichwa mara mbili kwa mwaka: mwishoni mwa Oktoba, kabla mawingu ya masika hayajakaza, na tena baada ya katikati ya Februari. Mji wenyewe uko kiasi cha mita 1,200 juu ya bahari, na kwa kila mita 1,000 mtu anapopanda, miali ya urujuanimno huongezeka karibu 10 kwa mia, kwa sababu hewa ya kuichuja imepungua. Wenzetu wa Bukavu wako juu zaidi. Motokari iliyokaa miaka 20 Japani, na sehemu ya miaka hiyo chini ya banda, hushangaa inapofika hapa.

Lakini kwa nini nyekundu ndiyo iliyoaibika hivi, na nyeupe ikasalimika?

Kitu chekundu ni chekundu kwa sababu kinameza mwanga wa buluu na wa kijani na kuturudishia mwekundu. Kitu cha buluu hufanya kinyume: kinameza mwekundu na wa manjano. Mwanga wa buluu una nguvu kuliko mwekundu. Kwa hiyo unga mwekundu hula chakula kikali zaidi kila siku, na chakula hicho huweza kuzivunja chembe zake zenyewe, si utomvu tu. Ndipo rangi hupauka kweli, na hata maji hayairudishi yote. Paa la motokari ya shemeji lilikuwa na magonjwa yote mawili. Fundi alipofungua mlango alituonyesha kizingiti chake cha ndani, mahali ambapo jua halijapata kufika. Wekundu wa pale ulikuwa mzito kama damu. Tulipolowesha paa tena, tukalinganisha, tukaona kwamba hata likiwa na maji halikufikia kizingiti.

Walakini hesabu hiyo ya mwanga si yote, kwa maana uko wekundu usiopauka kabisa. Tazama udongo tunaoukanyaga. Wekundu wake ni wa chuma kilichoungana na oksijeni, ni ndugu wa kutu, na umekaa juani tangu kabla ya mababu bila kubadilika. Watu wa kale waliochora wanyama katika mapango walitumia udongo wa namna hiyo, na michoro yao bado inasomeka baada ya maelfu ya miaka. Mafundi wa motokari wanaujua sana unga huo na huutumia katika rangi za shaba na hudhurungi. Ila hautoi wekundu unaowaka, na anayenunua motokari nyekundu hataki ifanane na tofali. Ili kupata wekundu wa moto, wanakemia walitengeneza unga wenye asili ya makaa ya mawe na mafuta ya petroli. Ule wa kwanza ulikuwa wa bei nafuu na wa kupendeza, lakini mwepesi wa kupauka. Mwaka 1958 kampuni ya DuPont ya Marekani ilianza kuuza unga wa namna mpya uitwao kwinakridoni, uliostahimili jua kuliko ule wa zamani, na katika miaka ya 1980 ukaja mwingine ulio bora zaidi, ambao hata leo huzipa motokari za mashindano wekundu wake mkali. Kwa hiyo si haki kumwambia mtu leo kwamba kila nyekundu ni mbaya. Nyekundu mpya chini ya vanishi nzuri hukaa miaka mingi. Nyekundu ya zamani ya tabaka moja, kama hii yetu, ndiyo iliyoipatia rangi hiyo sifa mbaya, na sifa mbaya haifi upesi.

Buluu ina habari ya kupendeza, na inatugusa sisi wa nchi ya shaba. Mwaka 1928, katika kiwanda kimoja cha Grangemouth huko Scotland, wafanyakazi waliona takataka za buluu ndani ya chombo walichokuwa wakitengenezea dawa nyingine. Zilitokana na ufa katika ukuta wa ndani wa chombo. Chuma cha nje kilikuwa kimeingia katika mchanganyiko. Walipochunguza wakakuta kwamba chembe ile, ikishika madini katikati yake, ni ngumu ajabu: moto hauiharibu, asidi haiiharibu, jua haliipauki. Madini yaliyotoa buluu bora kuliko zote yakawa shaba. Tangu mwaka 1935 unga huo umeuzwa duniani kote, na buluu nyingi na kijani nyingi za motokari zinatoka katika ukoo wake. Ukiona buluu ya zamani yenye ukungu juu yake, mara nyingi unga ungali mzima. Ni utomvu uliofumuka. Fundi wetu husema kwamba akisugua buluu ya namna hiyo kwa polishi, maji yatokayo ni ya buluu, na motokari huamka. Nyekundu nayo huamka, lakini kila kusugua ni kupunguza, na karatasi ya daftari si nene.

Juu ya nyeusi watu hukosea sana. Hudhani kwamba kwa kuwa inameza mwanga wote, itakuwa ya kwanza kufa. Unga wake ni masizi, tu, kaboni iliyosagwa, na masizi hayana cha kupauka. Tena yanameza miali mikali na kuukinga utomvu ulio chini yake. Wazee watakumbuka habari ya motokari ya Ford T, ambayo tangu mwaka 1914 mpaka 1925 iliuzwa kwa rangi nyeusi peke yake. Siku zile rangi angavu za motokari nyingine zilipakwa kwa vanishi ya mafuta iliyochukua majuma kukauka na kugeuka manjano baada ya muda. Nyeusi iliyookwa tanuruni ilikuwa ngumu na ya kudumu. Ni mwaka 1923 tu ndipo kampuni ya General Motors ilipoonyesha motokari ya Oakland ya buluu, iliyopakwa rangi mpya ya kupuliza iliyokauka kwa saa badala ya majuma, na tangu hapo dunia ikaanza kuchagua rangi.

Ugonjwa wa nyeusi ni joto. Mwaka 2011 wataalamu wa maabara ya Lawrence Berkeley huko California waliziweka juani motokari mbili za aina moja, moja nyeusi na nyingine ya fedha. Paa la nyeusi lilizidi la fedha kwa joto lililofika digrii 25, na hewa ya ndani ikazidi kwa digrii 5 au 6. Kila mchana vanishi ya motokari nyeusi hupanuka zaidi, kila usiku hujikunja zaidi, na siku moja hupasuka. Unga wa chini ungali mweusi ti, lakini juu yake vanishi imekufa na kubanduka vipande vipande. Ugonjwa huo wa kubanduka hauponi kwa polishi. Asiyejua husugua na kusugua, na mabaka yanazidi kupanuka. Dawa yake ni msasa mpaka chini, na kupaka upya.

Rangi ya fedha ndiyo iliyoleta desturi ya vanishi angavu. Mng'ao wake unatoka kwa vipande vyembamba vya aluminiamu, na aluminiamu iliyo wazi huliwa na mvua yenye asidi. Ilipasa ifunikwe kwa kioo. Basi katika miaka ya 1970 na 1980 viwanda vikafunika fedha, kisha vikaona uzuri wake vikafunika karibu rangi zote. Katika vanishi hiyo hutiwa dawa za namna mbili: moja hunywa miali mikali kabla haijafika chini, na nyingine hutuliza chembe zilizokwisha kukatwa zisiendelee kukata wenzake. Dawa hizo huisha polepole, kama chumvi mchuzini inavyopungua kadiri unavyoongeza maji. Motokari inaweza kukaa miaka 10 bila kubadilika, kisha ikaharibika katika miaka 2, na mwenyewe akadhani amerogwa. Dawa imekwisha, ndilo neno lenyewe.

Nimeisifu nyeupe mwanzoni, na yastahili. Unga wake ni oksidi ya titani, kitu kigumu kisichopauka, kwa kuwa hakina rangi ya kupoteza. Unarudisha sehemu kubwa ya mwanga, na paa lake halichomi. Zamani weupe wa namna fulani ya titani ulisaidia jua kula utomvu, ndiyo sababu nyumba nyeupe za zamani ziliacha chaki mkononi. Baadaye wakaanza kuifunika kila chembe kwa ngozi nyembamba ya madini mengine, na ugonjwa ukapungua. Ndiyo maana motokari nyeupe za kazi, zile ndefu za hospitali na za mashirika, huzeeka kwa heshima.

Hata hivyo nyeupe nayo imeanguka, na anguko lake ndilo lililonifundisha zaidi. Mwaka 2019 kampuni ya Toyota iliwaambia wenye baadhi ya motokari zake nyeupe huko Marekani kwamba ingewapakia upya bila malipo pale rangi itakapobanduka. Kosa halikuwa katika weupe. Kwa maelezo ya kampuni yenyewe, mwanga wa jua wa miaka mingi ulidhoofisha mshikamano kati ya rangi ya chini na lile tabaka linalozuia kutu. Rangi ya juu ilikuwa nzima, safi, nyeupe pe, na ilidondoka kwa vipande vikubwa kama ganda la yai lililochemshwa. Wamarekani walikuwa wamekwisha kuona jambo la namna hiyo mwishoni mwa miaka ya 1980, viwanda vikubwa vilipoacha kupaka rangi ya kusawazisha kwenye motokari nyingi ili kupunguza gharama. Rangi ya juu, hasa ya buluu na ya fedha, ilikuwa nyembamba; miali ikapenya mpaka chini, ikageuza tabaka la kwanza kuwa unga, na yote yaliyojengwa juu yake yakaondoka na upepo wa barabarani. Jua lilikuwa limepita katikati ya nyumba bila kuvunja dari, likaenda kula msingi.

Kwa hiyo wenye viwanda hawaamini macho yao wenyewe. Kusini mwa Florida, penye jua na unyevu, na katika jangwa la Arizona, penye jua na ukavu, kuna mashamba ambayo mazao yake ni vibati vilivyopakwa rangi. Vimepangwa safu kwa safu, vikitazama kusini. Vile vya motokari hulazwa karibu kama paa, vikiinuka digrii 5 tu. Hukaa pale mwaka, miaka 2, miaka 5, na watu huja kupima mng'ao na rangi yake. Niliposoma habari hiyo nikacheka peke yangu. Sisi tunazo Arizona na Florida katika mahali pamoja: kuanzia Mei mpaka Septemba ukavu na vumbi, kuanzia Novemba mpaka Aprili unyevu na mvua, na jua halikosi mwaka mzima.

Anayetaka kununua motokari iliyotumika, basi, aende mchana, asiende jioni. Apande juu ya kitu alitazame paa na kifuniko cha mashine, kwa kuwa milango husimama wima na kupata jua dogo. Amwage maji, rangi ikikolea panapolowa na kupauka panapokauka, ajue kilichopo. Apitishe kitambaa cheupe kikavu, akitazame. Afungue mlango, alinganishe kizingiti na nje. Akikuta hata baka moja dogo la vanishi iliyobanduka, kama sarafu tu, ahesabu bei ya kupaka paa zima. Muuzaji akikasirika kwa sababu ya kopo la maji, hilo nalo ni jibu.

Na aliye nayo tayari? Kivuli kinapita dawa zote, ila kivuli cha mwembe kina utomvu wake, na popo na ndege wake; kinyesi chao kikikaa juani siku moja huacha alama ndani ya vanishi isiyofutika. Nta husaidia kidogo, hasa kwa kurahisisha kuosha. Siamini wale wanaoiuza kama ngao. Kosa kubwa tunalofanya ni la kiangazi: tunapangusa vumbi kwa kitambaa kikavu. Vumbi letu lina mchanga, na mchanga ni mgumu kuliko vanishi yoyote. Mwaga maji mengi kwanza, vumbi liondoke lenyewe, ndipo uguse. Sabuni ya unga ya kufulia huondoa nta yote kwa mara moja. Shampuu ya motokari haifanyi hivyo.

Liko jambo moja zaidi, na nalisema kwa sababu vijana wengi waliotoka darasani mwangu wanajifunza kazi hii kandokando ya barabara. Vanishi ya siku hizi huja kwa makopo mawili, moja la vanishi na moja la kuigandisha. Lile la pili lina vitu viitwavyo isosianati, na ukungu wake ukivutwa huweza kumpa kijana pumu ambayo haitamwacha. Wengine, wakisha kuipata, hawawezi tena hata kukaribia mahali panapopulizwa. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii. Huko Ulaya mpulizaji huvaa kofia inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje. Tena rangi za zamani za manjano na za machungwa, na baadhi ya nyekundu, zilikuwa na risasi ndani yake. Vumbi la msasa wake ni sumu, hasa kwa watoto wadogo. Yule mzee wa Kolwezi hulowesha msasa sikuzote, na hufukuza watoto kwa sauti ambayo sikuitazamia kwa mtu mpole kama yeye. Anakohoa usiku, mwenyewe ameniambia. «Sisi hatukuambiwa,» alisema, akaendelea kukoroga.

Tulikaa naye mchana kutwa tukishauriana. Kusugua kwa polishi kungeirudisha nyekundu kwa msimu mmoja, labda miwili, na mahali pa pembe za paa rangi ya chini ilikuwa imeanza kuchungulia. Shemeji alitaka nyekundu tena. Alikuwa ameipenda tangu mwanzo. Dada yangu aliuliza bei ya nyekundu iliyo bora, kisha bei ya nyeupe, kisha akanyamaza, na sote tukajua. Fundi alisugua siku 2, akajaza mastiki penye mashimo, akapaka rangi ya chini mara mbili, kwa maana hapo hakukubali kupunguziwa, na siku ya Jumamosi akapuliza nyeupe.

Teksi inafanya kazi mpaka leo, na paa lake liko vizuri. Vizingiti vya milango havikupakwa, fedha hazikutosha. Kila abiria afunguapo mlango huona ukanda wa wekundu mzito, kama damu, na wengine humwuliza shemeji kwa nini. Yeye huwaambia waingie, jua ni kali.